Udongo wa Kukhu haukuwa umechoka, na ile video yangu ilikuwa uongo

Kama ulianza kunifuata kwa sababu ya ile video ya glasi mbili za udongo, moja nimemwagia siki na nyingine magadi, leo naongea na wewe kwanza. Hiyo video imetazamwa zaidi ya mara laki mbili. Mpaka sai ndiyo kubwa kuliko zote nimewahi kuweka. Na ni uongo. Sikukusudia kudanganya mtu, lakini ukiwa umenunua mfuko wa fatalaiza kwa sababu ya maneno yangu, nia yangu haikurudishii doo.

Wacha nianze nyuma kidogo.

Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nimewahi kusema ni karo, na ni kweli karo iliisha, lakini hata kabla iishe nilikuwa nimeacha kuingia darasani. Nilikuwa nasomea mambo ya biashara na sikuwa naelewa kwa nini. Mapema 2023 nikafunga virago Nairobi, nikarudi ocha, karibu na Shinyalu huko Kakamega, kwa nyanya yangu. Kwetu nyanya anaitwa Kukhu. Yeye ndiye alinilea kuanzia darasa la tatu, na alinilea na shamba moja tu, robo ekari iliyo chini ya boma. Mahindi na maharagwe katikati, sukuma pembeni. Hizo sukuma ndizo zilinunua yunifomu yangu ya shule ya upili. Nakumbuka akizifunga mafungu saa kumi na moja asubuhi, mimi nikishika koroboi.

Nilipofika, nikapata kuna maneno nyumbani. Baba mdogo alikuwa ameamua hiyo robo ekari ipandwe mikaratusi. Hoja yake ilikuwa rahisi: udongo umechoka. Msimu wa 2022 Kukhu alivuna gunia moja na nusu. Sukuma zilikuwa zinasimama tu, majani ukubwa wa kiganja cha mtoto, halafu zinageuka manjano. "Mama, hii ardhi imekufa," baba mdogo akamwambia mbele yetu sote, kwa upole kabisa, si kwa ubaya. "Panda miti, baada ya miaka sita tunauza mbao." Kukhu hakujibu. Aliendelea kuchambua maharagwe. Usiku akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani nililikosea nini hili shamba?"

Hiyo swali ndiyo ilinifanya nijiingize kwa kitu sikuijua.

Nikamwomba baba mdogo anipe msimu mmoja. Akakubali, nadhani kwa sababu alinihurumia zaidi ya kuniamini. Miche ya mikaratusi alikuwa ashanunua, akaipanga kando ya ua, ikaningoja nishindwe.

Mwezi wa tatu mvua ikaanza, tukapanda. Nikaweka DAP vile kila mtu anaweka, kifuniko cha soda kwa kila shimo. Nikaanza kurekodi. Kichwa cha video kilikuwa kitu kama "Dropauti anageuka mkulima, siku ya kwanza." Wasee wakapenda. Wiki ya tano mahindi yakaanza kuwa na rangi ya zambarau pembeni mwa majani. Picha ikatoka poa sana, kusema kweli. Mmea ulikuwa unaumwa na mimi nafurahia venye rangi inakaa kwa kamera.

Nikaingia mtandaoni, nikasoma zambarau ni njaa ya fosforasi. Hiyo ni kweli kwa mahindi. Nikasoma pia kuna jaribio la nyumbani: chota udongo, mwagia siki; ukitoa povu, udongo ni wa alkali. Chota mwingine, loweka, mwagia magadi. Ukitoa povu, udongo ni wa asidi. Nikasema hii ni kontenti. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, shamba limejaa tope, nami nimevaa viatu vipya. Kwa hivyo nikachota udongo nyuma ya jikoni, hatua kumi kutoka mlangoni. Nikamwagia siki. Ukatoa povu. Wa magadi haukufanya chochote. Nikatazama kamera kama daktari na nikasema: "Mmeona? Udongo hauna asidi hata kidogo. Shida ni fatalaiza ndogo. Ongeza DAP."

Nikaongeza DAP. Mara mbili.

Mahindi hayakusonga. Sukuma za shambani zikabaki vile vile. Kitu pekee kilichostawi ni mrenda uliojiotea mwenyewe kati ya mistari, na sukuma tano za nyuma ya jikoni ambazo hakuna mtu alizipanda kwa mpango. Hizo zilikuwa na majani kama sinia. Kukhu akanionyesha mara mbili. "Ona hizi za jivu," aliniambia. Nikamwambia, "Kukhu, hizo zinapata maji ya kuoshea vyombo." Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Mwezi wa nane tukavuna gunia moja na gorogoro kadhaa. Chini ya mwaka uliopita, na fatalaiza mara mbili.

Siku tuliyokuwa tunang'oa mabua, afisa wa kilimo wa wadi alipita akienda kikao cha kikundi cha akina mama. Kukhu akamwita. Huyo madamu hakuangalia majani hata kidogo. Aling'oa bua moja, akapangusa mizizi na kidole gumba, akanipa nishike. Mizizi ya mahindi inafaa kuwa na nywele nywele nyingi zinazoshuka chini. Hii ilikuwa mifupi, minene, imevimba nchani kama vidole vilivyoungua. "Kijana, mmewahi kupima udongo?" Nikasema ndio, kwa siki. Akacheka kwanza. Halafu akaniuliza nilichota wapi. Nikamwonyesha nyuma ya jikoni. Akaangalia rundo la jivu, akaangalia zile sukuma kama sinia, akaniangalia mimi.

Kukhu hupika kwa kuni na amemwaga jivu hapo nyuma kwa zaidi ya miaka thelathini. Jivu la kuni lina kabonati, hasa ya kalsiamu. Siki ikikutana na kabonati, inatoa povu. Kwa hivyo mimi nilipima jivu la Kukhu, si shamba lake, halafu nikatangazia watu laki mbili majibu. Hata ningechota shambani, hilo jaribio halingeniambia kitu cha maana. Povu halikupi namba, na udongo unaweza kuwa na asidi kali na magadi yakakaa kimya tu.

Tukachukua sampuli vizuri. Nitaeleza kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Unatembea shambani kwa zigizaga, unachimba sehemu kama kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20 hivi, kila mahali unachukua kipande sawa. Huchukui kando ya ua, wala palipolala ng'ombe, wala palipochomwa takataka, wala mahali ulimwaga fatalaiza juzi. Unachanganya kwa ndoo safi ya plastiki, unatoa nusu kilo, unaianika kivulini, unaipeleka maabara. Kwa robo ekari yote ni asubuhi moja. Nilitumia muda mrefu zaidi kupanga taa za ile video.

Karatasi ikarudi: pH 4.7.

Kama ulisinzia kemia ya kidato cha kwanza kama mimi, pH ni kipimo cha asidi, 7 iko katikati, ukishuka chini ni asidi. Kilianzishwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, akifanya kazi kwa maabara ya Carlsberg. Ndio, hao hao wa bia. Chenye watu husahau ni kuwa namba zake haziendi hatua sawa kama rula. Kutoka 5.7 hadi 4.7 si tofauti ya moja, ni asidi mara kumi. Kutoka 6.7 hadi 4.7 ni mara mia. Mahindi, maharagwe na sukuma vinataka mahali fulani kati ya 5.5 na 7. Sisi tulikuwa tumevipanda ndani ya kitu kichachu kupita kiasi na tunashangaa vinakunja uso.

Lakini asidi yenyewe siyo inaua moja kwa moja. Muuaji mkubwa ni aluminiamu. Udongo wote una aluminiamu, imejifunga ndani ya mfinyanzi na haisumbui mtu. pH ikishuka chini ya 5.5 inaanza kuyeyuka, inaingia kwa maji ya udongo, inachoma ncha za mizizi. Ndiyo ile mizizi vidole. Mmea wenye mizizi hiyo unaweza kuwa na njaa na kiu huku umesimama juu ya chakula. Halafu aluminiamu hiyo, pamoja na chuma, zinaikamata fosforasi na kuifungia. DAP imeandikwa 18:46:0, na hiyo 46 ni fosforasi. Nilikuwa naimwaga shambani na udongo unaiweka jela. Majani yakabaki zambarau, mimi naongeza tena.

Na sehemu iliyoniuma kabisa ndiyo hii. Ile 18 ni naitrojeni, na kwa DAP inakuja ikiwa amoniamu. Bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa naitreti, na katika hiyo kazi wanaacha asidi. Kwa hivyo DAP mwaka baada ya mwaka, bila kurudisha kitu kingine, inachachusha udongo. Changanya na mvua ya Kakamega, karibu milimita 2000 kwa mwaka, inayoosha kalsiamu na magnesiamu kwenda chini. Changanya na mavuno yanayobeba hizo hizo madini kwenda sokoni. Kukhu alianza kutumia DAP wakati babangu yuko shule ya msingi. Alifanya vile aliambiwa, kila msimu, bila kukosa, na alikuwa anajinyima sukari ndio apate pesa ya mfuko.

Hajalikosea shamba. Nilimwambia hivyo nikiwa na karatasi mkononi. Hajui kusoma Kiingereza cha maabara, lakini aliichukua akaiangalia muda mrefu, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Nikamwambia pia kuhusu jivu. Hakunicheka. Alisema tu, "Nilikuonyesha." Ni kweli, alinionyesha, mara mbili. Nina video yake akinionyesha, nilikata hiyo sehemu kwa sababu ilikuwa inarefusha.

Mtu ataniuliza: si basi mngepanda kitu kinachopenda asidi? Swali zuri. Kutoka kwetu ukienda kwenye Msitu wa Kakamega unaona majani chai ya Nyayo ukingoni, kijani inameremeta, udongo ule ule mwekundu, mvua ile ile. Chai inafurahia pH ya 4.5 hadi 5.6, na aluminiamu inayochoma mahindi, chai inaila na kuihifadhi kwenye majani bila shida. Mihogo inavumilia, viazi vitamu pia kiasi, nanasi pia. Kwa hivyo neno "udongo mbaya" silitumii tena ovyo. Lakini Kukhu ana miaka sabini na kitu, anakula ugali, na robo ekari ya chai hailishi mtu mwezi wa tano. Tulitaka mahindi.

Dawa ni chokaa ya kilimo. Si ile ya kupaka ukuta, hiyo inachoma. Ni mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa unga. Huku kwetu nyingi inatoka Koru, upande wa Kisumu. Karatasi ilisema kilo 800 kwa ekari, kwa hivyo sisi kilo 200, mifuko minne. Agroveti ya kwanza hawakuwa nayo. Ya pili walikuwa nayo imewekwa nje chini ya turubai, kama kitu hakuna mtu hukuja kuuliza. Mifuko minne na bodaboda, yote pamoja, ikaja chini ya bei ya mfuko mmoja wa DAP. Nilikaa kwa hiyo hesabu kidogo.

Tukaimwaga mwezi wa kumi na mbili, siku haina upepo. Sikuvaa barakoa na nikakohoa hadi jioni, usiige. Chokaa haiachwi juu juu. Inachanganywa na udongo kwa jembe hadi sentimita 15 au 20, kwa sababu haitembei yenyewe. Haiwekwi siku moja na samadi au fatalaiza ya naitrojeni, maana naitrojeni inaweza kupotea hewani kama amonia. Inataka unyevu na inataka miezi. Hii ndiyo sababu haina kontenti: unamwaga unga mweupe, unaulima, halafu hakuna kitu. Januari hakuna kitu. Februari hakuna kitu. Baba mdogo alikuwa anapita akiangalia miche yake kando ya ua, ambayo ilikuwa inarefuka vizuri sana, manze.

Machi 2024 tukapanda. Kwa kupanda tuliweka fatalaiza nusu ya ile ya mwaka uliopita na mboji ya Kukhu, na ya kukuzia tukatumia CAN, ambayo ndani yake kuna chokaa kidogo na haichachushi sana. Sitawaambia ati ilikuwa muujiza. Upande wa juu bado kulikuwa na mahindi manjano, nadhani hapo nilichoka kulima nikapitisha jembe juu juu. Lakini nilipong'oa mmea mmoja wiki ya sita, mizizi ilikuwa na nywele. Nilikaa chini na huo mmea. Maharagwe ndiyo yalinishangaza zaidi. Yana bakteria wanaoishi kwa vinundu vya mizizi na hao hawapendi asidi kabisa. Mwaka uliopita hatukupata vinundu. Safari hii vilikuwepo, na ukivipasua ndani ni vyekundu kama nyama, ishara vinafanya kazi.

Tulivuna magunia matatu na gorogoro nane. Baba mdogo alisaidia kubeba. Hakusema kitu kuhusu miti, na mwezi uliofuata alikuja na mkokoteni akahamisha ile miche kwa shamba lake, kando ya mto. (Mikaratusi kando ya mto ni maneno ya siku nyingine, na si mimi nitamwambia.)

Sasa turudi kwa ile video. Mwaka jana niliweka nyingine ya kusahihisha. Ilitazamwa mara elfu tatu. Ile ya uongo bado inazunguka, kuna watu wameichukua wakaweka kwa kurasa zao na nyimbo juu. Sikuifuta kwa muda mrefu, na sababu ni ya aibu: ilikuwa inaniletea wafuasi. Nilikuwa najiambia elfu tatu watawaambia wengine.

Halafu mwezi jana dada mmoja akaniandikia inboksi. Mathe wake ana shamba huko Trans Nzoia. Alimwonyesha video yangu msimu wa 2023, mathe akaamini kwa sababu binti yake ndiye alimletea. Wakaongeza mfuko wa DAP, kwa deni. Mahindi yakakataa. Deni lilikuwa la kikundi, na kwa kikundi watu huongea. Hakunitukana. Aliandika tu, "Nilitaka ujue." Nilimjibu kesho yake kwa sababu hiyo siku sikujua niandike nini. Nikaifuta video usiku huo huo, na bado iko kwa kurasa za watu kama nane ambao nimewaomba waishushe. Wawili wameishusha.

Nilimwuliza mathe wake hupika kwa nini, na jivu humwaga wapi. Akasema nyuma ya jikoni, na hapo kuna mboga nzuri. Hiyo si kipimo, na siwezi kurudia kosa lile lile na sura nyingine. Nikamwomba wachukue sampuli kwa zigizaga, sehemu kumi na tano, ndoo safi, wanitumie. Pesa ya maabara natoa mimi, na kama karatasi itasema chokaa, nitachangia mfuko wa kwanza.

Kifurushi kimefika jana na matatu ya kutoka Kitale. Nusu kilo, ndani ya karatasi ya unga, na mathe ameandika juu kwa kalamu ya wino: SHAMBA LA CHINI, SI LA JIKONI. Nimeuanika kivulini, Kukhu anafukuza kuku. Jumatatu naupeleka.